Yule si mtoto wa jirani

Haya wadau, nimerudi. Najua nimekuwa kimya tangu bumu litoke (hehehe, msinifikirie vibaya, lenyewe liliisha siku ya nne). Leo sina stori za vimbweta wala za rumeti wangu na lile jiko lake la kuficha chini ya kitanda. Nina jambo nimelizungusha kichwani wiki tatu sasa, na nisipoliandika leo najijua, sitaliandika tena.

Mnakumbuka ile Jumamosi baadhi yenu mlinikuta Kabwe? Nilikuwa nimemshika mkono mvulana mmoja mrefu mrefu hivi, miaka 11, vidole masikioni, anaruka na kutoa sauti kama bajaji inayokataa kuwaka. Watu walishatuzunguka. Konda mmoja anauliza kama kapandwa na mashetani, mama mmoja muuza karanga anasema tumwagieni maji. Mmoja wenu akaja karibu akaniuliza, "Vipi, huyu nani?" Nikajibu haraka bila hata kufikiri: "Mtoto wa jirani bwana, mama yake kanituma nimrudishe nyumbani."

Jamani, yule si mtoto wa jirani. Ni mdogo wangu. Baba mmoja mama mmoja, kitinda mimba wetu. Tulikuwa tumetoka Mwanjelwa kumtafutia viatu vya mtumba, dereva mmoja akapiga honi sikioni kwake, ndiyo ikawa vile mlivyoona.

Na kibaya zaidi alinisikia. Watu wakimwona haongei wanadhani hasikii. Anasikia kila kitu, tena anahifadhi. Tulipofika nyumbani Ilomba akakaa kwenye kona yake ya jikoni akaanza: "Jirani. Mtoto wa jirani. Jirani. Mtoto wa jirani." Kwa sauti yangu ileile, na ile haraka yangu ileile. Mpaka usiku. Mama akawa ananiuliza, "Jirani gani huyu anamtaja?" Nami najifanya nasoma.

Tumwite Dogo, jina lake libaki kwetu. Dogo ana usonji. Kwa mliosoma na mimi ile kozi ya mahitaji maalumu, sahauni zile slaidi kidogo niwaambie alivyo. Anakula wali mweupe na ndizi za kuchemsha, basi. Mchuzi ukigusa wali, sahani nzima imeharibika na siku imeharibika. Lebo ya shati lazima ikatwe, la sivyo atalivua popote alipo, hata kanisani. Kulala ni saa tatu nne, halafu anaamka anatembea. Na anapenda namba kuliko kitu chochote duniani. Token ya LUKU mnajua ina tarakimu 20? Dogo akiiona mara moja kwenye simu ya mama, anaiingiza kwenye mita bila kuangalia tena. Siku nyingine yuko zake chooni unamsikia anazitaja token za mwezi uliopita, moja baada ya nyingine, kama anasoma majina ya wapendwa wake. Uongo mbaya, hiyo ndiyo redio yetu.

Kinachotisha ni mlango. Nyumba yetu haiko mbali na barabara kuu, ile ya malori ya Tunduma yanayokwenda Zambia na Kongo. Mara mbili Dogo ameokotwa kule, amesimama kando kando ya lami anasoma namba za matela. Mama akaweka komeo la pili juu kabisa ya mlango. Mwaka jana Dogo kalifikia. Watoto wa wenzetu wakirefuka watu wanafurahi, sisi tunapima komeo. Mama alikuwa na meza nzuri tu ya biashara sokoni Soweto, akaiacha, sasa ana genge la nyanya na vitunguu hapo mbele ya nyumba ili awe anauona mlango. Kipato si kama cha zamani, hilo halihitaji hesabu. Shule ilijaribiwa. Mwalimu alikuwa na watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja, akamwomba mama kwa upole kabisa asimlete siku za wakaguzi. Baadaye siku za wakaguzi zikawa siku zote. Siwezi kumtukana yule mwalimu, maana nami BTP nilipewa darasa la watoto 90 na kuna mmoja pale nyuma sikuwahi kujua jina lake mpaka naondoka.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Kwetu, tangu nina akili, swali halijawahi kuwa Dogo atasoma wapi au Dogo afundishwe vipi kuvaa suruali. Swali ni nani kamharibu. Na jibu la upande wa baba lipo siku nyingi: mama.

Ilikuwa hivi. Dogo akiwa na miaka miwili na miezi miwili, babu mzaa mama alifariki Kyela. Baba hakutaka mtoto aende. Mama akasema siwezi kumzika baba yangu nimemwacha anayenyonya. Tukapanda basi Uyole, mama, mimi na Dogo, tukashuka na milima ile, Tukuyu na mvua yake, mpaka chini kule kwenye joto. Ambao hamjafika, Mbeya mjini tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, tunalala na mablanketi mawili. Kyela iko chini huko karibu na Ziwa Nyasa, mita 500 hivi. Mpunga, kakao, na mbu. Mtoto aliyezaliwa kwenye baridi yetu akishuka kule anakuwa mgeni hata kwa malaria.

Siku ya nane ya matanga Dogo alishikwa na homa. Usiku ikawa degedege. Wengi wenu mmekua mnasikia habari hizo, kwamba degedege ni dege, ni kitu kinachopita angani usiku kinamvaa mtoto, na kwamba akipigwa sindano akiwa katika hali ile anakufa. Bibi yangu ameishi na imani hiyo maisha yake yote. Akamwosha na majani, akamfukiza, akasema tungoje kuche. Alfajiri ndiyo bodaboda ikapatikana, tukaenda kituo cha afya. Wakampima, malaria kali, akatundikiwa dripu. Akapona. Wiki mbili baadaye tukapanda milima kurudi.

Baada ya pale Dogo hakusema tena neno. Hamwangalii mtu. Anajifungia kwenye dunia yake. Shangazi zangu wakaja, mmoja mmoja kisha kwa pamoja. Wa kwanza alisema bibi wa Kyela kamtoa mjukuu ili marehemu apumzike. Wa pili ana dini, akasema ni roho ya mauti imemfuata kutoka msibani, tukazunguka kwenye maombi mwaka mzima, na watumishi wengine nyie acheni tu. Wa tatu yuko Dar, msomi, yeye anatuma video kwamba ni chanjo. (Hiyo ya chanjo nilimjibu mwenyewe: yule daktari Wakefield aliandika mambo yake mwaka 1998 kwenye jarida la Lancet, na mwaka 2010 jarida lenyewe likaifuta ile makala. Alinijibu na video nyingine.) Baba hakusema kitu. Akaenda Chunya kwenye dhahabu "kutafuta ya matibabu", na huko yuko mpaka leo. Anatuma akipata. Akija, anakaa sebuleni siku mbili kama mgeni wa heshima.

Mama naye hajawahi kujitetea. Hata mara moja. Hilo ndilo lilikuwa linanichanganya.

Basi ndugu zangu, mwaka wa pili tulipofika ile mada, mhadhiri akaandika ubaoni USONJI, akaanza kutaja dalili, mimi nikaacha kuandika. Nikawa namwona Dogo anaandikwa ubaoni mstari kwa mstari. Mlikuwa mnanakili, mimi nalia kimya kimya, nikasingizia mafua. Tangu siku hiyo nikageuka mtu wa maktaba. Si kwa ajili ya mtihani. Nilikuwa natafuta karatasi ya kumpeleka mama, niseme soma, hii hapa, huna kosa.

Mwanzoni mambo yakawa matamu. Nikamkuta Leo Kanner, daktari wa Baltimore kule Marekani, mwaka 1943 akaandika habari za watoto 11, na mmoja mmoja nikimsoma nasema huyu Dogo, huyu Dogo. Nikakuta kwamba hata kwa wazungu lawama ilitua palepale inapotuaga. Kanner mwenyewe aliandika kuhusu wazazi wasio na joto. Halafu Bruno Bettelheim wa Chicago mwaka 1967 akatoa kitabu kizima, kwamba ni mama asiyemtaka mtoto ndiye anamfanya ajifungie. Wanawake wa watu wakaishi na hukumu hiyo miaka. Bernard Rimland, ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji, alishapinga tangu mwaka 1964, kwamba hili ni suala la mwili na ubongo. Na mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawatangazia kwamba anawaachia huru. Hapo nilitaka kupiga kigelegele mle maktaba. Siku hizi watafiti wanakubaliana sehemu kubwa ni urithi, na urithi una pande mbili, shangazi zangu mnanisikia? Maana kuna babu mdogo upande wa baba hapo Rungwe hajaoa, haongei na mtu, lakini muulize namba ya basi lolote lililowahi kupita Katumba tangu akiwa kijana. Huyo hakuna anayemtaja vikaoni.

Kisha nikakuta ile nyingine.

Ni makala ya mwaka 2006 ya Mankoski na wenzake, na imefanyika hapahapa Tanzania. Watoto 20. Kati yao 14 wakathibitika kwa vigezo vya utafiti kuwa na usonji. Na katika hao 14, watatu walikuwa wanakua vizuri kabisa, mmoja mpaka miezi 22, mwingine 35, mwingine 42, halafu wakaugua malaria kali, homa ndefu, degedege, na walipopona usonji ukaanza. Wengine wanne nao waliugua karibu na wakati dalili zilipoanza, ila hao watafiti wenyewe wanasema huenda ni mambo mawili yamekutana tu.

Nilifunga kompyuta. Miezi 22, 35, 42. Dogo alikuwa na 26. Nimeenda kutafuta karatasi ya kumwachia mama huru, nimerudi na ushahidi wa shangazi.

Nilikaa nayo wiki. Najua mtasema watoto watatu ni wachache, najua, na mimi nimesoma takwimu (nikapata C, lakini nimesoma). Ila mle ndani kuna maneno yalinikaba koo: walikuwa wanakua vizuri kabla. Kumbe kila kitu kinategemea mtoto alikuwaje kabla ya homa. Nani anajua Dogo alikuwaje kabla ya Kyela? Mama alikuwa anashinda sokoni. Baba kazini. Aliyekuwa anamlea mchana nilikuwa mimi, msichana wa miaka 13.

Na mimi ninajua. Kabla ya Kyela alikuwa anapanga visoda. Anavipanga mstari kutoka mlangoni mpaka kwenye ndoo, ukisogeza kimoja analia mpaka anatapika. Nilikuwa namwita jina hageuki, nagonga sufuria nyuma yake hageuki, lakini nikifungua karanga chumba cha pili anakuja mbio. Maneno yake yalikuwa matatu, na mawili yalikuwa yameshapotea kabla hatujapanda basi. Nilijua yote hayo na miaka tisa sikumwambia mtu, wakati shangazi wanamsulubu mama mbele yangu.

Kwa nini? Kwa sababu mimi nilishamwangusha. Masika ya mwaka ule nilimbeba mgongoni naenda bombani, njia ina utelezi, tukaanguka, akapiga kichwa kwenye jiwe. Akavimba. Nikamdanganya mama kwamba kajigonga kwenye kitanda. Baadaye nilipoona hageuki nikiita, nikajua ni mimi. Kisha Kyela ikaja, degedege ikaja, lawama yote ikaenda huko, na Mungu anisamehe, mimi nikashukuru. Kumbe hata ningesoma PhD bado ningekuwa yule mtoto mwenye ndoo.

Jumapili iliyofuata ile ya Kabwe nilienda nyumbani. Usiku tunachambua maharage, Dogo yuko pembeni na jirani zake. Mama akauliza tena, "Mwanangu, jirani gani huyu?" Nikamwambia. Nilimkana mdogo wangu mbele ya wenzangu. Mama aliendelea kuchambua kidogo, akasema, "Kamwombe msamaha. Anaelewa." Nikaenda. Nikasema Dogo nisamehe, wewe si jirani, wewe ni mdogo wangu. Akajibu, "Mtoto wa jirani." Sawa.

Nikarudi kwenye maharage, na kwa kuwa nilishaanza nikamwambia na ile makala. Nilikuwa nimejipanga niseme nusu tu, nikashindwa, nikasema yote, na wale watoto watatu. Mama hakulia kama nilivyoogopa. Aliuliza swali moja, na nawaambieni hakuna mwanafunzi wa darasa letu aliyewahi kuuliza swali kali vile: "Hao watatu, kabla ya homa walikuwa wanaitika wakiitwa?"

Nikamwambia walikuwa wanakua vizuri, ndivyo ilivyoandikwa. Kisha nikamwambia visoda, na sufuria, na karanga. Nikamwambia bombani, na jiwe. Nilikuwa natetemeka, mtu mzima na miaka yangu 22.

"Mwe," mama akasema. "Kumbe na wewe."

Akasukuma ungo pembeni. Akaniambia kwamba siku ile ya safari alikuwa na chandarua kwenye begi. Kipya, cha kliniki, alikipakia mwenyewe. Walipofika msibani watu wamelala kwenye mikeka, mpaka wazee, mpaka wajawazito, akaona aibu. Ataonekana binti wa mjini anayejidai, kafiwa na baba yake anahangaika kutundika neti. Chandarua kikakaa kwenye begi siku nane. "Shangazi yako akisema ni mimi, namjibu nini? Hajui hata nusu."

Na yale ya visoda, akasema naye aliyaona. Alidhani ni masikio. Alipanga akitoka Kyela ampeleke hospitali akapimwe masikio.

Sikujua niseme nini, wala yeye. Nilitaka kumwambia mtoto aliyekuwa ameshaacha kuitika hayumo kwenye wale watatu, hata kama homa huenda iliongeza kitu juu yake, sijui. Nilikuwa bado natafuta Kiswahili cha kulisema hilo umeme ukakatika. Uniti zimeisha, si TANESCO safari hii. Dogo akapiga ukelele, giza halipendi. Mama akatoa simu, akanunua ya elfu mbili. Meseji ilipoingia Dogo alishafika, akaiangalia kwa mwanga wa simu sekunde chache tu, akaenda kwenye mita anapapasa ukuta. Tukawa tunamsikia anabonyeza. Mama ananihesabia kwa vidole, kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Taa ikawaka. Maharage yalikuwa yamemwagika nusu, tukaanza upya.

Bibi wa Kyela nilimpigia siku ya pili yake. Bado sijamwambia kitu, tulisalimiana tu. Lakini kabla hajakata aliniuliza, kama anavyouliza kila mara nikipiga, na mimi sijawahi kujiuliza kwa nini kila mara: "Yule mtoto, ile homa haijamrudia?" Nikasema hapana bibi. "Ndaga, mwanangu. Ndaga." Likizo nitashuka Kyela. Hilo haliongeleki kwenye simu.

Shangazi wa Dar katuma video mpya leo asubuhi. Sijaifungua.

Sasa wadau, viatu vile tulivyonunua vilimbana, Jumamosi hii tunarudi Mwanjelwa kubadilisha, kama saa nne hivi kabla watu hawajajaa. Mtakaotuona njooni mtusalimie. Msimshike kichwani, hapendi. Msimlazimishe awaangalie usoni. Kama una token ya LUKU ya zamani kwenye simu muonyeshe, utapata rafiki. Na atawaita majirani wote, maana mpaka jana alikuwa bado nalo hilo neno.

Ngoja nikalale, kesho kuna test ya saa mbili na sijagusa hata desa.